Toa maiki ndani ya beli ya saksafoni kabla hujaaibika kama mimi

Usinunue hiyo maiki ya kubana kwenye beli, ule mdomo mpana wa saksafoni. Kama ushanunua, irudishe leo. Na kama muuzaji amegoma kurejesha pesa, nitakwambia huko mwisho kidude hicho chafaa kazi gani.

Nimelisoma swali lako nikiwa ndani ya matatu ya Mtwapa, na kwa hasira nimepitisha steji yangu. Waandika kwamba una saksafoni ya alto, Jumamosi wapiga kwenye harusi ya ufukweni Nyali, na umeona maiki ya kubana isiyo na waya, shilingi elfu sita, ambayo "unaishindilia ndani ya beli, mambo yaisha." Kisha ukaongeza maswali ya kebo, ya mwangwi na kama ukodishe tenor, ile saksafoni kubwa kuliko alto. Hayo weka kando. Hapo kwenye kushindilia ndipo lilipo shimo, na mimi nimelala humo, nakuita nikiwa chini.

Mwaka 2018 nilinunua karibu hiyo hiyo. Aliyeniuzia ana duka mjini. Simtaji wala mtaa siutaji, maana Mombasa ni ndogo na mamake ajuana na shangazi yangu. Aliniambia hivi: saksafoni ni kama spika, sauti yote yatokea kwenye lile shimo kubwa la mbele, kwa hivyo maiki itie humo humo na kelele za bendi hazitaingia. Aliyasema kwa utulivu wa daktari. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ujuzi wake mkubwa ni kubandika vioo vya simu. Nyumbani nikatafuta video, nikampata bwana mwingine aliyetia maiki ndani ya beli na sauti yatoka kama asali. Sikujiuliza kama ile sauti kweli ilirekodiwa na maiki ile. Yakhe, mimi nilikuwa nimeshapuliza saksafoni miaka sita. Miaka sita! Tena ni mtoto wa pwani, nzumari nimeziona tangu nikibebwa mgongoni, namwona mpigaji akifungua tundu sauti yageuka. Na bado sikuunganisha.

Basi nikuunganishie. Sauti ya saksafoni haitoki mahali pamoja. Kila noti hutoka zaidi kwenye matundu ya kwanza yaliyo wazi, yale yaliyo karibu na vidole vyako. Ile noti ya chini kabisa, unapokuwa umefunga kila kifuniko, hiyo ndiyo hutoka yote kwenye beli. Huniamini? Chukua soksi (safi, tafadhali), itie ndani ya beli upulize noti za kati. Utashangaa zatoka karibu vile vile. Kisha shuka mpaka chini kabisa uone noti inavyonyongeka. Dakika mbili hizo zingeniokolea pesa na jina langu, lakini hakuna aliyeniambia nitafute soksi.

Sasa maiki ikiwa ndani ya beli yasikia nini? Noti za chini zaingia kama lori, noti za kati na za juu zaingia kama mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili, na vifuniko vikigonga ni tak, tak, tak, utadhani wazee wapiga dhumna barazani. Hizo ndizo sauti zitakazokwenda kwenye spika.

Harusi yenyewe ilikuwa Shanzu, hotelini. Fundi wa mitambo alikuwa kijana mdogo, ndala miguuni, kaka yake ndiye mwenye vyombo. Akanitazama nikibana kile kidude, akasema kwa adabu, "Kaka, nina maiki ya SM58 hapa na stendi. Tuiweke mbele yako?" Nami, na hapa ndipo niumiapo mpaka leo, nilicheka. Nikamwambia, "Hiyo ni ya kuimbia, mdogo wangu." Maiki hiyo imekuwa sokoni tangu 1966, imesimama mbele ya kila kitu chenye mlio, nami namfundisha kijana wa watu kazi yake. Akanyamaza, akachomeka kipokezi changu.

Tukajaribu sauti. Nilipiga nini? Vijinoti vitatu vya kati, kwa unyonge, ili nisichafue mazingira wageni wakiingia. Vilisikika vyembamba. Nikamwashiria aongeze. Akaongeza. Bado vyembamba. Ongeza! Akaongeza geini, yaani nguvu ya maiki kwenye miksa, mpaka taa nyekundu ikapepesa, akanitazama, nikamwonyesha dole gumba.

Umeshaona kinachokuja.

Bi harusi akaingia, jua lazama, wageni wamesimama, akina mama wako tayari kwa vigelegele. Nikaanza kule juu, taratibu, na kwa pumzi kama nne hivi mambo yalikuwa ya kustahimilika. Halafu nikateremka. Nilikuwa nimejipangia kuteremka mpaka noti ya chini kabisa, niivute, iwe na uzito. Ilikuwa na uzito. Ile noti ilitoka kwenye zile spika kubwa za chini ikatikisa glasi mezani. Mtoto akalia. Nami kwa hofu nikainama na saksafoni, beli ikatazama spika ya monita, ile inayonirudishia sauti yangu, iliyokuwa miguuni mwangu, na ule mluzi wa fidibaki, sauti ya spika ikirudi kwenye maiki, ukaanza, ule unaokukata utosi. Ulipokatika pakawa kimya, na ndani ya kimya hicho nikamsikia mama mmoja mtu mzima, leso mbili na buibui, akauliza bila kupunguza sauti: "Mwanangu, hiyo ni zumari ama ni feri ya Likoni?"

Watu walicheka. Hata bi harusi alicheka, Mungu ambariki. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu aliyeanguka mbele ya msikiti akasema anatafuta kiatu.

Na gharama si hizo elfu sita. Tulikubaliana elfu kumi na tano, nikapewa saba na "asante kwa kujaribu." Mpiga video alikuwa amechukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa, kwa hivyo ile feri imo ndani ya harusi ya watu milele. Na yule dada wa hotelini aliyeniahidi kila Ijumaa jioni nipigie wageni, mpaka leo simu yangu hajaishika. Ijumaa nne kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe; mimi nikianza huishia kukasirika.

Wageni walipokwenda kula, yule kijana hakusema neno. Alileta stendi, akafunga SM58 yake, akaninyoosha bega kidogo kama fundi cherehani anayekupima, akasema, "Piga yote, kaka. Juu mpaka chini." Nikapiga. Noti zote zilikuwa za mtu mmoja. Hakuna iliyobweka, hakuna iliyojificha. Nilitamani ardhi initie ndani.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hiyo moja na sina nyingine: maiki itazame vidole, isitazame shimo. Kwa alto, simama unavyosimama ukiwa jukwaani, si unavyosimama ukipima. Weka maiki mbele yako, kichwa chake juu kidogo ya ukingo wa beli, umbali wa shibiri moja na nusu, yaani sentimita 30 na kitu, ikilenga pale mikono yako miwili inapokaribiana. Chungulia kutoka nyuma ya maiki kama mtu anayelenga manati. Uone vidole. Ukiona giza la beli, inua stendi.

Bendi ikiwa na kelele, sogea mpaka shibiri moja, lakini usiibusu. Ukiwa karibu mno maiki za aina hii huvimbisha sauti za chini, ukarudi kule kule kwa feri. Ukirudi nyuma nako ujue kwamba umbali ukizidi mara mbili, kinachofika kwenye maiki hupungua kwa desibeli 6 hivi, fundi aongeza geini, mluzi waanza. Kwa hivyo bandika utepe sakafuni ukae hapo. Najua wataka kuyumba, sote twataka kuyumba. Yumba kiuno, saksafoni iache hapo.

Monita iwe nyuma kabisa ya mkia wa maiki, ikikutazama wewe. SM58 haisikii vizuri kinachotoka mgongoni mwake. Beta 58A, nduguye SM58, ni tofauti, yenyewe monita ikae pembeni kidogo ya mkia, si nyuma moja kwa moja. Muulize fundi ana ipi. Na kama utanunua yako, shika mkononi kabla hujalipa, maana bandia zimejaa, na muuzaji akikwambia "ni ile ile tu" jua si ile ile.

Kabla hujanijia na mishale: ndiyo, najua ziko maiki za kubana za maana. Shure Beta 98H/C na DPA 4099 ni vyombo vya wanaume kwa wanawake wanaolipwa vizuri. Lakini tazama zilivyo: zina shingo inayopindika, ili kibanio kikae kwenye ukingo na kichwa cha maiki kiinuke kigeukie vidole. Shingo hiyo iko kwa sababu. Hizo ni kondensa, zikiwa na waya zahitaji umeme wa fantomu, volti 48, kutoka kwenye miksa. Kitufe kisipobonyezwa utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame, spika zikutazame tu. Ile yako ya elfu sita ina kishingo cha urefu wa kidole gumba. Haitoki shimoni hata ukiivuta kwa kamba.

Tena harusi yako iko ufukweni. Kama kusi yavuma, valisha maiki sponji, hata ya bei rahisi, la sivyo wageni watasikiliza upepo. Mwambie fundi akate sauti zote za chini ya hertzi 100; noti ya chini kabisa ya alto iko karibu na 139, hupotezi kitu. Adolphe Sax alipopata hataza yake Paris mwaka 1846 maiki ilikuwa haijazaliwa, alitaka chombo kisikike bendi za jeshi zikipiga nje, na kinasikika. Harusi ya watu mia nyasini, nusu ya kazi alishakufanyia.

Ukijaribu sauti Jumamosi, anza na noti ya chini kabisa, kwa nguvu zako zote, wageni waingie wasiingie. Kisha ndipo upande. Usinifanyie vile vijinoti vitatu vya kati.

Uliuliza nini tena? Tenor. Sijui, chukua ile ambayo ridi yake, kile kijiti cha mdomoni, haijapasuka. Mwangwi mwachie fundi na umheshimu, hata kama amevaa ndala.

Na kile kidude changu bado ninacho. Betri zilivujia ndani kwa chumvi na joto la huku, lakini kibanio kiko imara kama siku ya kwanza. Hushika karatasi zangu za noti kwenye stendi upepo ukivuma. Kwa kazi hiyo sijaona kizuri zaidi.