Maswali ya Wasomaji: Kwani F-35 ni tivii inayoruka?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mi na washkaji zangu tukikaa ni kubishana ndege za kivita tu, kuna mmoja kashikilia kwamba F-35 ni tivii inayoruka maana kwa spidi haiifikii F-22 wala Su-35, mwingine anasema Rafale ndo kiboko yao. Tusaidie, ipi namba moja na kwa nini hizi mpya zote zimejazwa skrini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, wasalimie na washkaji. Huyo wa tivii kwenye spidi kasema kweli, F-35 mwisho wake ni mara 1.6 ya kasi ya sauti wakati F-22 inagusa mara 2 na Su-35 inapita hapo. Ila akichukua hiyo namba akaifanya ndo mshindi, hapo simfuati. Kumbukeni MiG-25 ya Wasovieti, dude lilikuwa linakaribia mara 3 ya kasi ya sauti na nchi za Magharibi ziliiogopa kweli kweli, mpaka Septemba 1976 rubani Viktor Belenko akatoroka nayo akatua Hakodate kule Japani, mafundi wakaifungua wakakuta mwili mzito wa chuma na rada ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, kumbe ndege imetengenezwa kukimbia moja kwa moja ikazuie ndege za mabomu, sio kukata kona na kupigana na ndege ndogo. Alafu hiyo spidi ya mwisho ndege nyingi zinaifikia kwa kuwasha aftabana, yaani kumwaga mafuta ya ziada yawake nyuma ya injini, na aftabana inakunywa mafuta hatari, kwa hiyo ni dakika chache tu. F-22 ndo tofauti kidogo, yenyewe inaweza kupita mara 1.5 bila kuiwasha na hilo ni jambo kubwa sana.

Mi nikitaka kujua ndege ni nzuri kiasi gani, cha kwanza naangalia rubani kabakiziwa kazi gani. Zamani F-4 na F-14 zilibeba watu wawili, wa mbele anarusha, wa nyuma anahangaika na rada. Leo kwenye F-35 yuko mtu mmoja, na bado ana rada, ana kamera za joto, ana mitambo inayonasa rada za adui, ana taarifa zinazotumwa na ndege wenzake, na kwenye ndege za zamani kila kimoja kilikuwa na skrini yake au taa yake, rubani anaviunganisha mwenyewe kichwani huku amebanwa kwenye kiti kwa mara kadhaa ya uzito wake. Sasa angalia ndege mpya zinavyofanya: rada imeona kitu upande wa kulia, kamera ya joto nayo imeona kitu cha moto palepale, na mtambo wa kunasa mawimbi umesikia rada ya aina fulani inatokea hukohuko, kompyuta inasema hivi vitatu ni kitu kimoja, inaweka alama moja kwenye skrini na inamwambia rubani kinaweza kuwa ndege gani. Alama moja badala ya tatu! Hapo ndo pesa ilipokwenda jamani, skrini ni mahali pa kuionyesha tu.

Na hiyo skrini ya F-35 ni moja ndefu ya inchi 20 kwa 8, rubani anaigawa anavyotaka. Kile kioo cha wazi kinachosimama mbele ya macho, wanachokiita HUD, wamekitoa kabisa, spidi na kimo na shabaha vyote vinaonekana ndani ya helmeti, na kuna kamera 6 zimezunguka ndege zinarusha picha humohumo, rubani akiinama kuangalia magoti yake anaona ardhi iliyo chini ya ndege. Helmeti moja ni kama dola 400,000 na inatengenezwa kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe. Haikuanza vizuri lakini, marubani walilalamika picha inachelewa, inatetemeka, na usiku wakitua kwenye meli mwanga wa kijani uliokuwa unavuja kwenye kioo uliwasumbua macho mpaka wakaletewa aina nyingine ya skrini.

Ila msidhani helmeti ya kulengea imeanza na F-35. MiG-29 ilikuwa nayo tangu miaka ya 80, rubani anageuza kichwa kuangalia adui na kombora la R-73 linamfuata huyo anayeangaliwa, na Ujerumani ilipoungana 1990 zile MiG za Mashariki zikaanza kufanya mazoezi na ndege za NATO, watu walishtuka. F-22 yenyewe pamoja na sifa zote imeruka miaka mingi bila helmeti ya namna hiyo.

Namba moja? Kupambana angani juu kabisa mi bado nachukua F-22. Kupenya sehemu yenye ulinzi mkali wa rada, F-35. Nchi inayotaka ndege ya aina moja ifanye kila kitu, huyo wa Rafale hajakosea, na Gripen E ya Waswidi nayo msiidharau, inatua hata barabarani.

SWALI: Shikamoo mhariri. Hizo skrini za kugusa wanazibonyezaje wakiwa na glavu na ndege inapinda vile?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Ndege ikivuta kona ya 9g mkono unakuwa mzito mara 9, hakuna anayenyoosha kidole hapo. Ndo maana vitufe vya vita vyote vimewekwa kwenye fimbo ya kuongozea na kwenye leva ya injini, mikono haitoki hapo, na hata alama ya kwenye skrini unaweza kuisogeza kwa kidole ukiwa umeshika leva. Kugusa ni kwa muda wa utulivu, kubadili ukurasa, redio, kuangalia mafuta. Typhoon, ndege ya kivita ya nchi za Ulaya, imeongeza na sauti, rubani anatamka amri na ndege inabadilisha redio au skrini, ila kufyatua silaha kwa sauti hapana.

Rafale wamefanya kitu mi nakipenda mno. Skrini mbili za pembeni ni za kugusa, ila ile ya katikati picha yake imetengenezwa ionekane kama iko mbali sana, kwa hiyo macho yakitoka kuangalia nje yakashuka pale hayahitaji kujirekebisha upya. Ni sehemu ya sekunde tu, lakini ni sehemu ya sekunde inayookolewa kila mara anapoangalia chini.

SWALI: Skrini ikizima angani je?

JIBU: Ile ya F-35 ukiiona ni moja lakini ndani ni mbili zinazojitegemea, nusu ikifa nusu nyingine inabeba kazi. Ikibidi kuna kiskrini kidogo cha akiba kinachoonyesha spidi, kimo na mlalo wa ndege, na hivyo vitatu vinatosha kumrudisha rubani nyumbani.