Besi ya Kuchongewa kwa Fundi

SWALI: Kwa miaka tisa nimepiga besi ya nyuzi nne katika bendi yetu ya dansi. Sasa fundi mmoja yuko tayari kunichongea ya nyuzi tano kwa vipimo vyangu. Wenzangu waliowahi kupiga besi za namna hiyo husema ni sawa na kuvaa suti uliyoshonewa. Je, sifa hizo ni za kweli, au mtu husifia kwa kuwa ametoa fedha nyingi?
Mpiga besi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, sifa hizo ni za kweli kwa anayezitoa, kwa sababu anasifia kuondokewa na kero iliyomsumbua yeye, ambayo pengine wewe huna. Mpiga besi Mmarekani Anthony Jackson alitaka besi ya nyuzi sita wakati wengi walitosheka na nne. Fundi Carl Thompson alimtengenezea mwaka 1975, lakini Jackson, ingawa alipata alichokiomba, alilalamika kwamba nyuzi zilisongamana mno. Aliendelea kuagiza nyingine, hadi karakana ya Fodera ya New York ikamtengenezea yenye urefu wa uzi wa inchi 36, badala ya 34 zilizozoeleka tangu besi ya kampuni ya Fender ya mwaka 1951.

Inchi hizo mbili si urembo. Uzi uleule, ukitoa sauti ileile, hupata mkazo zaidi kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo ule uzi mnene wa tano, unaoongezwa kwa ajili ya sauti nzito zaidi, haulegei wala haungurumi ovyo. Lakini mkono wa kushoto hulazimika kutanuka zaidi, na mwenye vidole vifupi huchoka mapema.

Niliwahi kupiga besi ya kuchongwa yenye sauti safi kabisa, ambayo kila nilipoiachia shingo, kichwa chake kilishuka kuelekea gotini. Kufikia wimbo wa tano bega lilikuwa linawaka moto, na ile sauti sikuifurahia tena. Kwa hiyo usiijaribu ukiwa umeketi. Mwombe fundi besi aliyokwisha kuitengeneza, ivae kwa mkanda, simama nayo nusu saa, kisha piga uzi wa tano bila kuubana popote, kabla ya kuunganisha amplifaya, usikilize kama noti inasimama au inazama. Mpelekee pia besi yako ya sasa apime nafasi iliyopo kati ya uzi na uzi, maana vidole vyako vimeizoea kwa miaka tisa.