Maswali yenu: darasa la lugha ugenini

Mume wangu yuko Hamburg, mimi niko Makorora. Naambiwa bila cheti cha Kijerumani sipati viza. Kwani hukohuko hawafundishi?

Wanafundisha, bibie, ila mlango wa kwanza uko huku. Mke anayemfuata mumewe Ujerumani kwa kawaida hutakiwa cheti cha A1, ngazi ya chini kabisa: kujitambulisha, kuuliza bei, kujaza fomu. Mtihani wake unafanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Mumeo akiwa raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, masharti ni tofauti, kwa hiyo ulizeni kabla hujalipa ada.

Ukishafika ndipo lianze darasa lenyewe la wahamiaji. Kwa kawaida ni vipindi 600 vya lugha, mpaka ufike B1, ngazi ya kati, na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Kila kipindi dakika 45. Huo mtihani wa maisha ya nchi una maswali 33 ya kuchagua jibu. Ukipata 15 umepita. Ukija kutaka uraia, lazima 17. Maswali yote yamechapishwa wazi, unaweza kuanza kuyasoma hapohapo Makorora. Usiogope. Neno "shule" tumelitoa kwao, nao walifungua yao hapa Tanga miaka ya 1890. Wengi wanalia na der, die na das, zile jinsia tatu za nomino za Kijerumani, lakini sisi wenye ngeli tuna uso gani wa kulalamika?

Shangazi yangu ana miaka 56, kawafuata wanawe Uswidi. La nne hakumaliza. Atapokewa darasani?

Atapokewa, akishaandikishwa kuwa mkazi. Masomo yanaitwa SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, manispaa huyatoa bure, na umri wa juu hauna kikomo. Yamegawanywa njia tatu, na ya kwanza ni ya waliosoma kidogo. Aombe hiyo. Akichanganywa na wahandisi atakata tamaa wiki ya pili. Mimi nawaogopa zaidi hao wanawe: wakimsemea kila aendako, mwaka utaisha anajua kushukuru tu.

Dada yangu amepata uraia wa Kanada. Anaweza kurudi LINC, lile darasa la bure la Kiingereza kwa wahamiaji?

Hapana. Ni la wakazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa. Aulizie masomo ya jimbo lake.

Tanga waja leo, waondoka leo. Na wanaobaki je, nao hupimwa lugha?

Wakiomba uraia, ndiyo: sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inawataka wajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Lakini wapo waliokuja na lugha yao ya hapahapa. Kule Chogo, Handeni, walipokewa wakimbizi kutoka Somalia ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19. Walirudi Kizigua kikiwa bado mdomoni, na kwa wazee wa Handeni hawakuhitaji mkalimani.