Bunduki gani ubebe kwenye kayaki?

Tangu niwaonyeshe marafiki picha za safari yetu ya kayaki, chombo chembamba cha makasia, kwenye Mto Rufiji, naulizwa swali lile lile: mlibeba bunduki gani kwa ajili ya viboko na mamba? Tulibeba. Mwenzangu ana leseni, na bunduki yake ni ya marisawa, geji 12 (hicho ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu). Nitaeleza ilivyotufaa.

Tulitoka Utete asubuhi, tukishuka kuelekea Daraja la Mkapa. Kwenye kona moja iliyotulia kiboko akaibuka mbele yetu, hatua kama kumi na tano. Yalitoka masikio kwanza, yakipukuta maji, kisha macho. Bunduki ilikuwa kwenye mfuko usioingiza maji, imefungwa kwa kamba nyuma ya mwenzangu, na mikono yetu yote imeshika makasia. Ukiachia kasia, mkondo unakugeuza ubavu. Ukifyatua geji 12 ukiwa umekaa kwenye chombo chembamba vile, teke lake linaweza kukupindua. Halafu kiboko akazama. Utampiga wapi? Risasi ikiingia majini nguvu yake inaisha upesi.

Mzee mvuvi aliyetusindikiza na mtumbwi wake akaanza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, bila haraka, huku akituelekeza kwenye maji ya magoti kando ya mchanga. "Mpisheni kilindini, wanangu." Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, na anayemzibia njia ndiye anayeumizwa. Tukajibanza pale mpaka akaibuka tena mbali, nyuma yetu.

Wenzetu waendesha kayaki wa Alaska, Marekani, hubeba bunduki kwa sababu ya dubu, na dubu humkuta mtu nchi kavu, kambini. Huko bunduki ya geji 12 ina maana, na zipo zilizopakwa nikeli kuzuia kutu, kama Remington 870 Marine Magnum. Ya mwenzangu haikupakwa kitu. Tulipokwenda nayo baharini Kigamboni, asubuhi yake mtutu ulishapata madoa ya kutu.

Kwa mito yetu, nakusihi fedha ya bunduki uitumie kumlipa mwenyeji anayeujua mto. Usipige hema kwenye njia ya viboko. Utaitambua, imechimbika kama mtaro kutoka majini hadi malishoni, nao huipita usiku. Mamba naye huvizia ukingoni, hivyo usichote maji mahali pale pale kila siku, wala usioshe vyombo mtoni jioni. Na ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, leseni yako haikuruhusu kuingia na silaha bila kibali. Omba askari wa wanyamapori. Bunduki yake ni ya kazi hiyo, na amefunzwa kuitumia.

Mwezi wa saba tunarudi. Mwenzangu ameamua bunduki ibaki kwenye kasiki, na nafasi yake tupakie dumu la lita kumi la maji ya kunywa, tusiende ukingoni kuchota giza likishaingia.