Kwa wewe unayeanza kuwasaidia watumiaji wa LibreOffice, programu za bure za kazi za ofisi

Wengi watakaokuletea maswali hapa Kisumu ni walimu, makarani wa vyama vya akiba na vijana wa saiba za Kondele. Mtu akifika kwako ameshahangaika peke yake, pengine ameshachekwa pia. Jibu lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atathubutu kuuliza tena, na mimi naona hilo lina uzito kuliko ujuzi wako wote wa kompyuta.

Tuseme mwalimu kutoka Ahero, anayetumia Calc, yaani programu ya LibreOffice ya majedwali ya hesabu, anakuambia, "Calc imekataa kujumlisha alama." Ukimwambia akasome mwongozo, umempoteza. Ukimmwagia sababu zote unazozijua kwa mpigo, umempoteza vilevile. Muulize kwanza: mahali pa jumla panaonyesha nini, sifuri au ujumbe wa kosa? Ikiwa ni sifuri, mwambie abonyeze Ctrl na F8 kwa pamoja. Nambari zitakuwa za bluu, fomula kijani, maandishi meusi. Alama zake zikitokea nyeusi, basi programu inazihesabu kuwa maandishi, na SUM, yaani fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi. Jambo hili hutokea sana alama zikinakiliwa kutoka kwingine.

Ateue safu yote ya alama, abadilishe umbo la seli liwe la nambari, kisha aingie menyu ya Data, achague Text to Columns na kubonyeza OK. Hatua ya kubadilisha umbo peke yake haigeuzi kilichokwisha kuandikwa. Wengi hukwama papo hapo wakadhani wamekosea, kwa hiyo mwambie mapema. Majina ya menyu yaandike vile anavyoyaona kwenye skrini yake, maana ukiyatafsiri atayatafuta asiyaone.

Usikimbilie kumwambia aondoe programu na kuiweka upya. Faili la kusakinisha LibreOffice kwenye Windows huzidi megabaiti 300, na anayenunua bando la siku ataumia bure. Programu ikimsumbua kila anapoifungua, kuna njia ya kuianzisha katika hali salama kupitia menyu ya Help, isiyohitaji kupakua chochote. Muulize pia toleo analotumia na kama kompyuta yake inatumia mfumo wa Windows au Ubuntu, lakini muulize taratibu, isije ikawa kama anahojiwa kituoni.

Kabla hajagusa faili lolote, atengeneze nakala. Hapo usilegeze kamba kabisa: alama za muhula mzima zikipotea kwa ushauri wako, huna cha kumrudishia. Akitaka kukutumia faili, afute majina ya wanafunzi kwanza na abakishe mistari michache tu inayoonyesha tatizo.

Mjibu kwa lugha aliyokujia nayo. Akichanganya Kiswahili na Kiingereza, mfuate hivyo hivyo, na usimsahihishe tahajia.

Swali likikushinda, mwambie wazi kuwa hulijui, umpeleke kwa anayelijua, na umweleze huyo yale mliyojaribu ili mwalimu asianze kusimulia upya. Likitatuka, usilifunge kwa kukisia. Mngoje yeye mwenyewe aseme kuwa jumla imetokea.