Maswali ya wasomaji: Lushoto kwa gari dogo

Kila likizo ya shule inapokaribia tunapata maswali ya wazazi wa Dar es Salaam wanaotaka kuwapeleka watoto Lushoto kwa siku mbili tatu. Safari hii tumechagua matano.

Shikamooni. Nina IST ya cc 1500, otomatiki. Nataka kwenda na mke wangu na watoto watatu. Jamaa kazini wanasema gari dogo halipandi mlima wa Lushoto. Ni kweli? – Baba wa watatu, Ukonga

Marahaba. Linapanda, ondoa shaka. Barabara ni ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto mjini, kama kilomita 33, na kila siku inapandwa na magari madogo kuliko hilo lako. Jamaa zako wanauliza habari ya kupanda, lakini gari hujaribiwa wakati wa kushuka. Katika kilomita hizo 33 unateremka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, gari limebeba watu watano na mizigo. Ukiliacha kwenye D na kukanyaga breki mfululizo, pedi na diski hupata moto, moto huo huingia kwenye mafuta ya breki, na kama yana maji yanachemka. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana pedeli huzama ghafla hadi chini na gari lisishike.

Kwa hiyo kabla ya safari mwambie fundi afungue magurudumu yote manne. Pedi iliyobaki chini ya milimita 3 ibadilishwe, na nyuma atazame shuu na dramu. Kisha fungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya yana rangi ya manjano hafifu, karibu na maji. Yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yamwagwe yote na kuwekwa mapya, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko. Kuongezea juu ya yale ya zamani hakusaidii, kwa sababu mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani kadiri miaka inavyokwenda. Miaka miwili inatosha kuyabadilisha hata kama gari linatembea mjini tu.

Siku ya kushuka, toka Lushoto gia ikiwa kwenye 2. Penye mteremko mkali weka L, lakini punguza mwendo kwanza. Magari mengine yameandikwa S na B, kazi ni ile ile. Injini italia kwa sauti ya juu, usiogope, hiyo ndiyo inayoshika gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha iachiwe ipoe. Usishuke kwenye N wala usizime injini ati unabana mafuta: ukizima, usaidizi wa breki na wa usukani unaondoka.

Ukisikia harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua, au pedeli imeanza kuwa laini, tafuta mahali pana na tambarare, egesha nusu saa. Weka jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko, na ukiondoka ulitoe barabarani. Mwenye pikipiki anayekuja usiku halioni. Maji yasimwagwe kwenye diski ya moto, inapinda. Na kama pedeli imezama gari likiwa kwenye mwendo: pampu pedeli haraka haraka, shusha gia, vuta hendibreki pole pole, na elekeza gari upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Wakati wa kupanda angalia mshale wa joto tu. Mshale ukianza kupanda kuliko kawaida, zima AC, washa hita, na utafute pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu.

Jambo la mwisho ni tairi ya spea. Ipime upepo. Kisha nyumbani kwako jaribu kulegeza nati moja ya kila gurudumu kwa wili spana iliyomo kwenye gari. Wengi wamebadilisha ringi na nati zake, spana ya zamani haiingii, au gereji ilikaza kwa mashine hata mtu mzima hawezi kuzitoa. Ni heri ulijue hilo ukiwa Ukonga.

Tunaishi Bunju. Tupite Chalinze au Bagamoyo? Na tutoke saa ngapi? – Mama Salma

Bagamoyo. Njia ya Bagamoyo hadi Msata ni ya lami, na inakutoa kwenye barabara ya Segera bila kupambana na malori ya Kibaha na Mlandizi. Kwa anayeishi Ukonga au Gongo la Mboto kuzungukia huko hakuna faida, apite Chalinze. Kwa Chalinze, Dar hadi Lushoto ni kama kilomita 370.

Tokeni saa 11 alfajiri. Hesabuni mwendo wa saa saba pamoja na kusimama, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50 na askari wa tochi wapo. Mwenye haraka huvunja 50 tano mfululizo, akalipa faini, na akafika dakika 20 tu kabla ya mwingine. Kinachotakiwa ni kuanza kupanda kutoka Mombo si baada ya saa 10 jioni. Ile barabara ni nyembamba, kona hazionyeshi kinachokuja, na magari ya mboga yanayoshuka yanahitaji nafasi. Piga honi kabla ya kona iliyojificha, kaa kushoto kwako. Masika, Machi hadi Mei, udongo huporomoka kutoka juu, kwa hiyo waulizeni madereva wa Mombo kabla ya kupanda. Wao ndio wametoka juu asubuhi hiyo.

Mafuta: IST au gari linalofanana nalo litakula kama lita 60 kwenda na kurudi. Jazeni Korogwe, mpande tangi likiwa limejaa.

Mwanangu wa miaka sita hutapika kila tukisafiri. Nitafanyaje kwenye zile kona? – Mama Ibra, Tabata

Sikio la ndani linahisi gari linapinda, jicho linaona kiti kilichotulia au simu mkononi. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo linachafuka. Basi mpe jicho kitu cha kuona: mkalishe katikati ya kiti cha nyuma na mkanda wake, pale anapoona barabara kupitia kioo cha mbele. Simu na vitabu vikusanywe Mombo kabla ya kupanda. Mwambie mwenzio anayeendesha aingie kona taratibu. Mara nyingi mtoto anatapikishwa na mguu wa dereva, mara gesi mara breki.

Asubuhi asinywe maziwa wala asile vitumbua na chapati za mafuta. Mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha, kidogo, saa moja na nusu kabla ya mlima. Asiwe na njaa kabisa pia, hilo huzidisha. Fungua dirisha kidogo. Soni ni karibu nusu ya njia; simameni hapo dakika kumi na tano, atembee, yapo maporomoko ya maji karibu na barabara.

Usitegemee mfuko wa rambo, ulipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Beba kopo la lita mbili lenye mfuniko unaokaza, kitambaa chenye maji, na fulana moja ya akiba mahali unapoifikia bila kufungua buti. Kama unataka dawa, mweleze mfamasia umri na uzito wake. Usimgawie ya mtu mzima.

Tukifika tuwapeleke watoto wapi? Na kweli kuna baridi? – Msomaji, Mbagala

Baridi ipo. Juni hadi Agosti usiku hukaribia nyuzi 10, na mtoto wa Mbagala hajawahi kulala katika hali hiyo. Kila mmoja awe na sweta, soksi mbili na kofia. Ukifika chumbani hesabu mablanketi kwanza.

Irente ndiyo ya kwanza, takriban kilomita 6 kutoka mjini. Unasimama kwenye ukingo wa mwamba na chini kabisa unaona Mazinde na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Watoto washikwe mikono, mmoja kwa mtu mzima mmoja. Mwambani si mahali pa kukimbizana. Ukungu ukitanda huoni kitu, kwa hiyo kabla ya kuondoka mjini muulize bodaboda kama huko juu kumefunguka. Siku ya pili nendeni msitu wa Magamba na mwongozaji, viatu vya kufunga, si kandambili.

Viazi vya Lushoto ni bei nzuri. Naweza kurudi na gunia? – F., Kinondoni

Gunia la viazi lina kilo 100 hivi, sawa na kumpakia mtu mzima na nusu kwenye buti, na utashuka nalo mteremko ule ule tulioueleza hapo juu. Kama viti vyote vimejaa watu, usibebe. Chukua ndoo mbili, karoti kidogo, na matunda damu kama ni msimu wake. Matunda yapangwe kwenye tenga au boksi lenye matundu, yaliyo magumu chini, yaliyoiva juu, na uyaweke miguuni pa abiria wa nyuma. Kwenye buti kuna joto, na ukifika Chalinze yatakuwa yameshaanza kutoa maji.