Usiulize ghorofa ngapi, uliza ya chini ni ya nani

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kaniandikia. Wana nyumba ya bibi yao, mwekezaji kashafika, anataka kuibomoa ajenge ghorofa wagawane, na ndugu wanakutana Jumamosi. Mjomba wao anataka ghorofa 12 kwa sababu jirani anazo 10. Mama yao anaogopa, anasema nne zinatosha. "Dada, wewe yamekupata haya. Tukubali ngapi?"

Kila familia yenye kiwanja Kariakoo, Gerezani au Kisutu inaanzia hapo hapo. Na mwekezaji anafurahi ajabu mkianzia hapo, maana mkibishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu urefu, hakuna atakayemuuliza kuhusu mgawo.

Sisi nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Bibi alikaa pale barazani mpaka anafariki, na watu wa mtaa walikuwa hawajui kodi ya nyumba wala hati iko wapi, wanajua tu hapa ni kwa Bi Mkubwa. Alipoondoka, arobaini haijaisha, mwekezaji akaja na picha kubwa ya rangi.

Picha ile ninayo hadi leo. Jengo la vioo, ghorofa 12, na mtaa wetu umepandwa miti pande zote mbili, mzungu anatembeza mbwa. Sikukuu! Mahali ambapo Fuso ikisimama kushusha mzigo hata mkokoteni haupiti, na njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za machinga kuanzia asubuhi. Wazee waliipitisha mkono kwa mkono. Mjomba wangu mkubwa akasema, "Mama angefurahi." Masharti yalikuwa nusu kwa nusu: mwekezaji ghorofa sita za chini, sisi sita za juu, kwa kuwa juu kuna upepo na mtu anaona mpaka bandarini.

Nikauliza swali moja: fremu za maduka zinakaa wapi? Kimya. Halafu mjomba akaniambia nikawasaidie wenzangu jikoni.

Anayeijua Kariakoo anajua pesa ya jengo iko miguuni. Mfanyabiashara anatoa kilemba, yaani pesa ya kuipata nafasi, kwa fremu ya mita tatu kwa tatu ya chini, analipa kodi ya mwaka mzima mkononi, na akiondoka wapo wengine kumi wanasubiri. Ghorofa ya kwanza bado mambo mazuri. Ya pili wanachukua wenye stoo. Kuanzia hapo kwenda juu unatafuta mpangaji wa kulala, na huyo anataka maji yapande, lifti ifanye kazi, na asiibiwe kwenye ngazi. Kwa hiyo tulikuwa tunapewa upepo, mwenzetu anachukua duka.

Nikaenda ofisi za jiji kuuliza kiwanja chetu kinaruhusiwa nini. Kuzungushwa kwa njoo kesho mnakujua, naruka. Nilichotoka nacho ndicho nataka mkishike. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, eneo huwekewa matumizi na masharti ya ujenzi, na Kariakoo ina mpango wake wa kuendelezwa upya tangu mwaka 2002. Masharti yenyewe hayaishii kwenye idadi ya ghorofa. Kuna asilimia ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo. Kuna nafasi ya kuacha mbele, nyuma na ubavuni. Kuna maegesho. Na kuna uwiano wa sakafu na kiwanja, yaani ukijumlisha sakafu zote za jengo, zisizidi ukubwa wa kiwanja mara kadhaa.

Hesabu hii niliwapigia ndugu zangu nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Chukulia kiwanja cha mita za mraba 300, uwiano wa nne. Sakafu zote kwa pamoja zisizidi mita 1,200. Ukifunika robo tatu ya kiwanja, kila sakafu ni mita 225, na ghorofa tano tu zinakaribia kumaliza ruhusa yako. Ukifunika nusu, kila sakafu ni mita 150, unafika ghorofa nane. Jengo la pili ni refu, linapendeza kwenye picha, lakini sakafu ya jumla ni karibu ile ile na chini umepoteza mita 75. Toa korido na ngazi, bado ni fremu tano au sita zimekwenda. Binamu yangu mwenye duka la vitenge alielewa kabla sijamaliza kuandika. Mjomba akasema hesabu za kwenye kadi si hesabu.

(Sisemi jengo fupi siku zote ndilo mshindi. Jengo lililofunika kiwanja karibu chote vyumba vya nyuma havina hewa, mtu anawasha taa saa sita mchana. Ndiyo maana nafasi za kuacha ziko kwenye masharti, na ndiyo maana wajenzi wetu wanazichukia.)

Mambo ya kupanga nani ajenge nini na wapi katika mji huu yana historia chafu, na kwa kweli nawaelewa wazee wanaposikia "masharti ya eneo" wakanuna. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba, ambayo kwa vitendo ilikuwa ni rangi ya mwenye nyumba: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika kule kwenye nyumba za udongo na makuti. Baadaye Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kututenganisha. Mjomba ameyakulia masimulizi hayo, kwake ghorofa 12 ni heshima iliyochelewa. Sikatai. Lakini heshima hailipi bili ya pampu ya maji.

Kuna siku moja iliyonisaidia kuliko hesabu zote. Mtaa wa pili alifariki mzee mmoja aliyekuwa akikaa ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa mbovu. Jeneza likashushwa kwa ngazi, na kila kona ya ngazi ilikuwa finyu, ikabidi lisimamishwe karibu wima, vijana wawili chini wanalipokea kwa mabega, mmoja juu ameshika shuka isifunuke. Watu waliokuwa wakipanda na mabegi ya biashara ikabidi warudi chini kupisha. Mama yangu alikuwa pale. Jioni akaniambia, "Mimi ghorofa ya juu sitaki, hata kama ni bure." Kura ya kwanza nikaipata hivyo.

Halafu kuna lile ambalo hakuna mtu wa mjini amelisahau. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na watu 36 wakafa. Kibali kilichotajwa wakati ule kilikuwa cha ghorofa 10. Basi mjomba huyo huyo alitumia mfano huu kunipinga: eti hao walizidisha, sisi kibali kitasema 12 na tutajenga 12. Nilimjibu na bado najibu kwamba kibali ni karatasi. Nguzo ndiyo inayobeba. Tarehe 16 Novemba 2024, miaka mingi baada ya kikao chetu, jengo lililoanguka Kariakoo lilikuwa la ghorofa nne tu, na habari zilizozagaa tangu siku ile zilikuwa za watu kuchimba chini yake kutafuta nafasi zaidi ya maduka. Aliyeniita mwoga mwaka ule wa kikao hajanipigia simu kusema lolote.

Mazungumzo yalikuwa marefu, na mimi ndiye niliyekaa mezani na mwekezaji, niseme tu ukweli, kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyesoma rasimu ya mkataba mpaka mwisho. Tukamalizia ghorofa saba. Nusu ya fremu za chini ni zetu, na nyumba za kuishi zetu ziko ya pili na ya tatu. Kuna ndugu wanaosema nimeharibu dili, kwamba mwanamke kusoma kidogo kumeipotezea familia ghorofa tano. Maneno hayo yamesemwa harusini, yamesemwa msibani. Mwisho wa mwaka gawio linapoingia hakuna anayelirudisha.

Kwa hiyo kaka yangu wa Gerezani, na wengine mnaosoma kimya kimya: nendeni na mchoro, siyo picha. Mwambieni mwekezaji alete mchoro wa kila sakafu wenye vipimo, mkae nao, mtie rangi zenu na zake. Kabla ya hapo nendeni jiji mkaulize uwiano, asilimia ya kufunika na nafasi za kuacha kwa kiwanja chenu chenyewe, maana cha jirani kinaweza kuwa na masharti mengine. Akisema "tutaomba mabadiliko", muulizeni nani anagharimia na nini kinatokea yakikataliwa. Mchoro. Tena mchoro. Mkandarasi na mhandisi wawe wamesajiliwa na bodi zao, na mwende wenyewe kwenye bodi kuhakiki, msikubali nakala ya cheti iliyopigwa na simu. Mfuniko wa maji taka mbele ya nyumba yenu, ule unaofurika mvua ikinyesha kwa nyumba yenye vyumba sita tu, fikirieni utafanya nini kukiwa na vyoo 40. Hati isitoke mikononi mwa familia kwenda kuwekwa rehani benki bila ninyi kujua. Watu wanapoteza viwanja vya babu zao kwa kuona haya kuuliza. Haya ya nini? Mgeni ni yeye, kiwanja ni chenu.

Na jengo likiisha, msikae kwa kuaminiana. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila nyumba na kila fremu iwe na hati yake, na wamiliki kuwa na chama chao cha kutunza vinavyotumiwa na wote: ngazi, paa, pampu, lifti. Sisi tunacho chama, mweka hazina ni mimi, na anayechelewesha mchango wa lifti kuliko wamiliki wote ni mjomba.